Namna ya kujua mota na paneli inataka kufa kabla haijakuzimia kiwanda

Wakuu, hii ni ya fundi umeme aliyeko kiwandani ambaye ana mota thelathini arobaini hivi, bosi hana mpango wa kununua mitambo ya kisasa mwezi huu wala ujao, ila kitu kikizima saa nane usiku simu inayopigwa ni yake. Mfano nitaupeleka kwenye kiwanda cha kusaga unga, maana pale kuna kila kitu: vumbi, mota kubwa za kinu, feni ya kuvuta unga kwenye mabomba, elevata, kompresa ya upande wa kufungasha, inveta (kifaa cha kuendesha mota kwa kasi unayotaka), kapasita, na shifti ya usiku ambayo haijui kitu kuhusu umeme. Ukiwa kiwanda cha plastiki au cha mabati mambo ni yale yale, badilisha majina tu.

Kabla ya hatua zenyewe nisisitize kitu kimoja maana vyote vya chini vinatoka hapo. Kipimo kimoja peke yake hakikuambii kitu. Ukipima mota ukakuta mega 80 (yaani megaomu 80 za ukinzani wa insulesheni) wengi wanasema ipo poa wanaondoka. Sasa kama mwezi wa kwanza ilisoma 900, mwezi wa pili 400, leo 80, hiyo mota inakufa na wewe umeipa cheti cha afya. Na kuna mota nyingine imekaa kwenye 60 miaka yote na inapiga kazi. Kwa hiyo unalinganisha mota na yenyewe ya jana, na pia fezi na fezi mwenzake. Basi. Ukishika hilo hata vifaa vya bei nafuu vinakutosha.

Hatua ya 1: chagua wa kuwafuatilia, usianze na wote

Ukitaka kufuatilia mota arobaini kwa mpigo, wiki ya tatu utakuwa umeacha. Chukua karatasi, pita kiwandani, kila mashine jiulize: ikizima sasa hivi, uzalishaji unasimama wote au kipande? Spea ipo stoo au ni ya kuagiza? Ikiungua kuna hatari ya mtu au moto? Kwenye kinu cha unga jibu linakuja haraka sana: feni kubwa ya kuvuta unga ikisimama kinu chote kinasimama hata kama rola zote ni nzima, kwa hiyo feni ni namba moja. Halafu mota za rola, breka kuu, kapasita, inveta. Kale kamota ka mkanda wa kusukuma magunia acha kaungue tu, nunua kengine uweke stoo, sio kila kitu kinastahili kupimwa. Watu wengi hawapendi kusikia hivi ila ndo ukweli, kuacha kitu kife ni uamuzi halali kama umeamua mwenyewe na spea ipo.

Anza na kumi hivi. Kumi tu.

Hatua ya 2: kibati na daftari

Nenda kwenye kila mota piga picha kibati, kile kibao chenye maelezo yake. Unachotaka pale ni kilowati, volti, ampea za lodi kamili, mzunguko kwa dakika, na daraja la insulesheni, ile herufi B, F au H. B maana yake insulesheni inavumilia mpaka nyuzi 130, F 155, H 180. Hii sio joto la bodi la nje, ni la ndani kwenye koili penye moto zaidi, kwa hiyo usishike bodi ukasema mbona haijafika 155. Na kuna kanuni ya zamani mafundi wote wa mota wanaijua, kila nyuzi 10 zinazozidi kile kiwango, umri wa insulesheni unapungua nusu hivi. Ndo maana mota iliyofunikwa na unga kwenye mapezi haifi siku hiyo, inakufa taratibu na siku ikifa watu wanasingizia umeme uliokatika.

Kila mota iwe na ukurasa wake. Safu ni chache: tarehe, saa, lodi ilikuwaje (kinu kinasaga au kinazunguka bure), volti tatu, ampea tatu, joto la hewa, joto la bodi, mega, na nafasi ya maneno. Hiyo nafasi ya maneno ndo mali, andika "imetoa harufu", "mvua ilinyesha usiku", "mkanda mpya umefungwa leo". Eksel ni nzuri zaidi kwa sababu unachora mstari ukaona unashuka, ila kama daftari la karatasi ndo utakalojaza kweli, basi tumia hilo. Nimeona sehemu wana programu nzuri kweli ya matengenezo na haina data hata ya mwezi mmoja, huku mzee mmoja wa shifti ana kaunta buku imejaa na anajua mota gani itakufa.

Hatua ya 3: klampmita, mota ikiwa kazini

Klampmita ni ile mita inayobana waya ikasoma ampea bila kuukata, na hapa ndo pa kuanzia maana huzimi kitu. Ila kufungua paneli yenye umeme sio mchezo, vaa glavu za umeme na kinga ya uso, vua saa na pete, na kama hujaruhusiwa kufungua paneli hai usifungue. Na kwenye kiwanda cha unga usifungue paneli wakati vumbi limetanda hewani, vumbi la unga likichanganyika na hewa linalipuka.

Pima volti kati ya fezi zote tatu, halafu ampea fezi zote tatu, ndani ya dakika hiyo hiyo, kinu kikiwa kinasaga lodi ya kawaida. Sasa fanya hesabu hii, ni ya darasa la saba: jumlisha tatu gawanya kwa tatu upate wastani, tafuta ile iliyo mbali zaidi na wastani, tofauti yake gawanya kwa wastani, zidisha mia.

Mfano, mota ya kilowati 45 kibati chake kinasema ampea 81. Umesoma 70, 71, 78. Wastani 73. Iliyo mbali ni 78, tofauti 5. Tano kwa 73 ni karibu asilimia 7. Volti umesoma 408, 404, 400, wastani 404, tofauti 4, hiyo ni asilimia 1 hivi. Sasa angalia, volti zimetofautiana asilimia 1 tu lakini ampea asilimia 7, na hiyo ni kawaida, kutolingana kwa ampea huwa mara 6 mpaka 10 ya kule kwa volti mota ikiwa na lodi kamili. Kwa hiyo hapa mota haina kosa, volti ndo zinaileta. Ingekuwa volti ziko sawa kabisa halafu ampea zimeachana asilimia 7, hapo ningeanza kuangalia mota yenyewe, au kontakta (ile swichi ya sumaku inayowasha mota), au terminali iliyolegea.

Kwa upande wa volti, viwango vya NEMA vya Marekani vinasema ukizidi asilimia 1 uanze kupunguza lodi ya mota, na ukizidi asilimia 5 usiiendeshe kabisa. Sababu ni joto: chukua ile asilimia, izidishe kwa yenyewe, mara mbili, unapata takriban asilimia ya joto lililoongezeka. Volti zikiachana asilimia 3, mara 3 ni 9, mara 2 ni 18, yaani joto la koili limepanda asilimia 18 hivi na wewe unaona mota inazunguka vizuri tu.

Sasa kujua kama tatizo ni la laini au la mota kuna ujanja mmoja mzuri sana. Zima, funga kufuli, hakikisha hakuna umeme, halafu hamisha waya zote tatu za mota hatua moja mbele, wa kwanza uende wa pili, wa pili wa tatu, wa tatu wa kwanza. Ukihamisha zote tatu hivyo mota haigeuki mzunguko, inabaki upande ule ule (ukihamisha mbili tu ndo inageuka, na feni ikigeuka umejitafutia kazi nyingine). Washa pima tena. Ile ampea kubwa ikibaki kwenye laini ile ile ya mwanzo, tatizo liko kwenye umeme unaoingia au paneli. Ikihama na waya wa mota, tatizo ni mota au kebo yake. Fanya kwenye mota yenye ncha tatu za kawaida za waya, kwa sta-delta (ile inayowashwa kwa hatua mbili) yenye waya sita uwe mwangalifu zaidi, chora kabla hujagusa.

Na ampea zinazoshuka pia ni dalili. Feni ikianza kula ampea kidogo kuliko kawaida mara nyingi mkanda umelegea au bomba limeziba hewa haipiti, sio kwamba imepona.

Fezi moja ikikatika mota ikiwa inazunguka haisimami, inaendelea na mbili huku ampea za zile mbili zikipanda karibu mara 1.7 au zaidi. Ovaload, ile rilei inayozima mota ikivuta ampea nyingi, ikisetiwa vizuri inatripu. Ila unakuta mtu ameipandisha ovaload mpaka mwisho kwa sababu "ilikuwa inasumbua". Kwa hiyo kwenye raundi yako ya kwanza kabisa linganisha seti ya kila ovaload na ampea za kibati. Hii pekee itakuokolea mota nyingi kuliko sensa yoyote, na kama hakuna rilei ya kulinda fezi kwenye paneli kuu iombe, bei yake ukilinganisha na kusuka mota upya ni kidogo.

Hatua ya 4: joto, paneli kwa paneli

Kamera ya joto ukiweza kukodi hata mara mbili kwa mwaka, kodi. Kama huna, ile bastola ya joto inasaidia lakini ijue udhaifu wake. Zile za kawaida zina uwiano wa 12 kwa 1, maana yake ukisimama mita 1.2 inasoma wastani wa duara la sentimita 10, sio pale penye kitone chekundu. Terminali ya kontakta ina upana wa sentimita moja na ushee. Kwa hiyo terminali iko nyuzi 110, inayoizunguka iko 40, bastola inakuambia 50 na wewe unaondoka na amani. Sogea kadri usalama unavyoruhusu au tumia kamera.

Kingine, shaba na aluminiamu inayong'aa inadanganya kabisa, inaakisi joto la vitu vingine pamoja na lako wewe. Siku ya kuzima bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme kwenye basiba (pao la shaba la kugawa umeme) na kwenye lagi kubwa (kile kichwa cha waya), ukija na kamera soma juu ya tepu, weka emisiviti ya kamera kwenye 0.95. Na kioo au plastiki angavu ya kufunikia kontakta haipitishi joto kwa kamera, ukipiga picha kupitia pale umepiga picha ya plastiki.

Lodi lazima iwepo. Mashine ikiwa chini ya asilimia 40 ya lodi usijisumbue, kasoro haionekani. Joto la terminali mbovu linatokana na ampea mara ampea mara ukinzani, kwa hiyo lodi ikiongezeka mara mbili, joto la ziada linaweza kukaribia mara nne. Ile terminali uliyoiona imezidi wenzake nyuzi 8 kinu kikiwa nusu, kinu kikijaa inaweza kuzidi kwa 30. Ndo maana kwenye daftari kuna safu ya lodi.

Unalinganisha fezi na fezi. NETA, ambao ni chama cha wapimaji umeme Marekani, wana jedwali rahisi: vitu vinavyofanana vyenye lodi inayofanana vikitofautiana nyuzi 1 mpaka 3 kuna uwezekano wa kasoro, chunguza; 4 mpaka 15 inaelekea kasoro ipo, panga kurekebisha; ikizidi 15 rekebisha sasa hivi. Kwangu mimi ile 1 mpaka 3 kwenye paneli za joto la Dar au Mombasa naandika tu na kurudi mwezi ujao. Ikizidi 15 naenda kuongea na meneja wa uzalishaji siku hiyo hiyo, na naenda na picha, maana picha nyekundu na nyeupe inaongea kuliko mimi.

Ukikuta terminali ya moto usikimbilie kukaza tu. Angalia joto liko wapi: likianzia kwenye lagi na kupungua ukifuata waya, ni muungano. Kama waya wote una moto sawasawa urefu mzima, ni lodi imezidi au waya mwembamba, kukaza hakusaidii. Kama moto uko katikati ya kontakta sio kwenye skrubu, ni koniki za ndani (vile vipande vinavyogusana kupitisha umeme) zimeliwa. Na ukizima ukafungua ukakuta shaba imebadilika rangi na nyuzi za waya zimekauka zinakatika, kata mpaka sehemu safi, weka lagi mpya, kaza kwa tokwenchi (spana yenye kipimo cha nguvu) kwa kipimo cha mtengenezaji. Kukaza kwa nguvu za mkono kila mwezi "kwa ajili ya kinga" kunaua terminali. Kebo za aluminiamu kwenye basiba ya shaba zitake lagi za metali mbili, hizi ndo huwa za kwanza kuwaka kwenye kamera.

Hatua ya 5: mega, mashine ikiwa imezimwa

Hapa utaratibu ni wa lazima: zima, kufuli, tagi yenye jina lako, jaribu kuwasha kuhakikisha haiwaki, pima kwa mita uliyoihakikisha inafanya kazi kabla na baada. Tenganisha inveta au sofsta (kifaa cha kuwasha mota taratibu) na mota kabisa, ukipiga mega kupitia inveta umeiua na hiyo bei yake unaijua. Kapasita pia toa.

Kwa mota za chini ya volti 1000 unapiga volti 500 za DC, kati ya koili na bodi, dakika moja kamili, halafu soma. Dakika moja kwa saa, sio "nimeona imetulia", maana usomaji unapanda kadri muda unavyokwenda na ukisoma sekunde 10 leo na sekunde 50 mwezi ujao umelinganisha vitu viwili tofauti. Kama waya sita zinatenganishika toa viunganishi upime pia koili kwa koili.

Kiwango cha IEEE 43 cha mwaka 2013 kwa mota hizi zetu ndogo za chini ya kilovolti moja ni megaomu 5 kama kiwango cha chini, ikirekebishwa kwa nyuzi 40. Hiyo 5 ni mstari wa "usiwashe", sio mstari wa "ipo salama". Mota nzima na kavu inasoma mamia au maelfu.

Marekebisho ya joto: ukinzani wa insulesheni unapungua nusu kwa kila nyuzi 10 zinazopanda, kwa makadirio. Umepima mota ya moto imetoka kazini, koili ziko nyuzi 60, imesoma 20. Kuipeleka kwenye 40 ni mara mbili mara mbili, 80. Umepima asubuhi ikiwa na nyuzi 30 ikasoma 60, kwenye 40 ni 30. Bila hesabu hiyo utasema mota ya pili ni nzima kuliko ya kwanza, kumbe kinyume. Ikikushinda hesabu, basi pima zote katika hali ile ile kila mara, mfano Jumapili asubuhi kinu kikiwa kimelala tangu Jumamosi jioni.

Unyevu sasa. Huku pwani masika ikiingia usomaji wa mota zote unashuka, hasa zile zinazokaa zimezimwa, pampu ya akiba ndo mwathirika mkubwa. Zikishuka zote pamoja ni hali ya hewa. Ikishuka moja peke yake, hiyo ina tatizo. Mota iliyokaa bila kazi kwa muda ipime kabla ya kuiwasha, ikiwa chini ikaushe, balbu ya joto au hita ndani ya boksi lililofunikwa, pima tena mpaka ipande. Ikikauka na bado iko chini basi ni uchafu au insulesheni imechoka, ipeleke kwa fundi wa kusuka aioshe na kupiga vanishi.

Kwa mota kubwa fanya dakika 10: soma dakika ya 1, soma dakika ya 10, gawanya ya kumi kwa ya kwanza. Kwa daraja B, F na H unataka 2 au zaidi. Ikiwa 1 na kidogo insulesheni ina maji au uchafu. Ila kama dakika ya kwanza tu imeshavuka megaomu 5000 achana na huo uwiano, hauna maana tena. Ukimaliza unganisha koili na bodi iachie chaji, muda wa mara nne ya ule uliopimia, ukigusa kabla utaruka.

Hatua ya 6: vitu vya ndani ya paneli

Kontakta inasema yenyewe. Ikinguruma sana uso wa sumaku una kutu au vumbi, au volti ya koili iko chini. Kwenye kinu unga unaingia kila mahali, ukichanganyika na unyevu unakuwa kama ugali mgumu, kwa hiyo mihuri ya mlango wa paneli na glandi za kebo ni sehemu ya matengenezo, usizidharau. Kipimo kizuri ni kuweka multimita kwenye milivolti, kati ya kuingia na kutoka kwa kila fezi kontakta ikiwa na lodi, na prob za daraja sahihi. Zote tatu zifanane. Ikisoma moja mara tatu ya wenzake, koniki zake zimeliwa. Usipige msasa koniki za fedha, badilisha seti.

Kapasita za kurekebisha pawafakta watu huwa wanazisahau mpaka bili ije na faini. Kila hatua ya kapasita ina ampea zake unazoweza kuhesabu: kVAr mara elfu, gawanya kwa 1.732, gawanya kwa volti. Ya 25 kwenye volti 400 inatakiwa ivute ampea 36. Ukisoma 27 fezi zote, imepoteza robo ya uwezo wake. Ukisoma fezi moja sifuri fyuzi imekufa. Ukisoma zaidi ya 36 kwa kiasi kikubwa na volti ni ile ile, una hamoniki (mawimbi machafu ya umeme) kutoka kwenye inveta na hizo kapasita hazitadumu. Iliyovimba juu haina mjadala, toa. Kapasita zenye ubora zinatakiwa zishuke mpaka volti 75 ndani ya dakika 3 baada ya kuzimwa, ila wewe subiri 5, pima, ndo uguse.

Inveta ndo ninayoipenda kwa kazi hii kwa sababu ni sensa uliyokwisha lipia. Bonyeza menyu yake: inakupa ampea, volti ya DC ya ndani, joto la hitisinki, masaa iliyofanya kazi, na orodha ya folti zilizopita. Andika hizo kila wiki. Joto la hitisinki likipanda nyuzi 10 na lodi ni ile ile, feni imechoka au mapezi yamejaa unga. Kwenye umeme wa volti 400 DC ya ndani inacheza kwenye 540 mpaka 565, na hizo hazipotei ukizima swichi, soma kwenye bodi yake dakika za kusubiri. Inveta ya akiba iliyokaa stoo zaidi ya mwaka usiichomeke moja kwa moja, kapasita zake zinatakiwa ziamshwe kwa kupandisha volti taratibu kama kitabu chake kinavyoelekeza.

Transfoma ya mafuta kama ni ya kwenu, peleka sampuli ya mafuta maabara mara moja kwa mwaka wapime gesi. Ukiona asetilini inaanza kuonekana na kupanda, kuna cheche ndani, usisubiri mwaka mwingine.

Na beringi? Sio umeme lakini ndo inayoua mota nyingi kuliko koili. Kwa mashine za kati, kilowati 15 mpaka 75, jedwali la ISO 10816-1, kiwango kilichobadilishwa mwaka 2016, lilisema mtikisiko ukivuka milimita 2.8 kwa sekunde sio wa kuachia muda mrefu, ukivuka 7.1 unaharibu. Grisi nyingi inaua kama grisi kidogo. Na mota inayoendeshwa na inveta, ukifungua beringi ukakuta mistari mistari sambamba ndani ya njia ya gololi, ni umeme unapita mle, weka ethi ya shafti au beringi iliyokatishwa umeme, ukibadilisha beringi tu utairudia.

Hatua ya 7: ratiba na kuamua

Kila wiki: ampea, menyu za inveta, masikio na pua. Kila mwezi: volti na hesabu ya kutolingana, kusafisha mapezi, kapasita. Kila miezi mitatu mpaka sita: mega na kamera. Hii sio sheria, inategemea kasoro inachukua muda gani tangu ianze kuonekana mpaka kitu kife. Terminali inaweza kuanza na kuungua ndani ya wiki kadhaa, insulesheni inachukua miezi, kwa hiyo kuipima insulesheni kila wiki ni kupoteza muda na kuiangalia terminali mara moja kwa mwaka ni kubahatisha.

Kuamua mstari wa kengele: chukua miezi mitatu ya mwanzo kama kawaida ya mashine hiyo. Ikitoka nje mara moja, pima tena kesho. Ikitoka mara ya pili, panga. Bosi usimwambie "mota ina mega 12", mwambie "feni kuu ilikuwa 300 mwezi wa tatu, sasa ni 12, naomba masaa sita Jumapili, ikifa katikati ya wiki itachukua siku za kusuka na kinu kitakuwa kimelala". Atasaini.

Sensa za kudumu, klampu za ampea, sensa za joto za PT100 kwenye koili, vile vidude vya mtikisiko vya kubandika na sumaku, viweke baada ya daftari kukuambia wapi, kwa kawaida ni mashine mbili tatu tu. Weka kengele yenye kuchelewa sekunde kadhaa, maana mota ikiwashwa inavuta mara 6 mpaka 8 ya ampea zake na utapata meseji kila ikiwashwa, baada ya siku mbili kila mtu ameziba sauti ya simu. Amua pia meseji ya saa nane usiku inaenda kwa nani, na huyo mtu ana ruhusa ya kuzima kinu au hana. Kama hana, usiku huo mtakuwa mmelipia kengele ya kuangalia mota ikiungua.

Mota ikirudi kutoka kusukwa, siku hiyo hiyo kabla haijafungwa pima ukinzani wa koili tatu zifanane, piga mega, izungushe bila lodi andika ampea zake, halafu ikishafungwa andika za lodi. Ule ukurasa wa zamani upigie mstari chini, fungua mpya, hiyo kwa vipimo ni mota nyingine hata kama bodi ni ile ile.